Mvua Tuliyoimwaga

Jumatatu, 10 Machi

Tangu alfajiri nimekuwa nikikusanya mkojo wa watoto, na bado Kihara ananiuliza kwa nini sitaki chai. Kihara ndiye dereva wa mradi. Kazi yake ni kuendesha gari, kuilalamikia barabara ya Subukia na kunicheka. Leo alipata sababu, kwa maana kuna mtoto aliyekataa katakata kukojoa kwenye chupa mpaka mama yake akampeleka zizini. Ng'ombe alipokojoa, mtoto naye akaona si jambo la aibu. Ilibidi niulize mara mbili kama chupa niliyopewa ni ya mtoto.

Kijiji ni kile nilimozaliwa, mbele kidogo ya Bahati. Barabara inakikata katikati, na Dkt. Sitati, mkubwa wangu, amezipa pande zake majina: Kundi la Juu na Kundi la Chini. Sasa hata wenyewe wanajiita hivyo. Kisima ni kimoja, kirefu sana, na maji yake ni baridi, matamu, na yamejaa floraidi. Ndiyo sababu meno yetu ni ya kahawia. Yangu yaliota hivyo, na sijawahi kucheka mbele ya mtu bila kuziba mdomo. Dkt. Sitati kwao ni Bungoma. Yeye hucheka meno yote yakiwa nje, na siku nyingine hilo peke yake linatosha kuniudhi.

Mradi umeleta chujio kubwa la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, linaloondoa floraidi. Kila upande una bomba lake, na chujio limetosha bomba moja tu. Kura ilipigwa Januari mbele ya watu wote, karatasi zikiwa kwenye kofia ya chifu, na Juu wakashinda. Chini wataendelea na maji yale yale hadi Juni. Hapo tutapima pande zote tena, na tofauti ikionekana, nao wataletewa lao.

Mama anakaa Chini. Mtoto wangu, Wachuka, ambaye nilimpa jina la mama, anakaa naye, kwa sababu chumba nilichopanga Nakuru mjini kinanitosha mimi na kitanda tu. Nilimweleza daktari hayo yote siku ya kwanza. Alisema basi chupa ya kwetu ataichukua Kihara.

Wachuka ana miaka sita. Meno yake ya ukubwani yanajijenga sasa hivi ndani ya ufizi, kwa maji anayokunywa sasa hivi. Nalitaka hilo chujio la Chini kuliko ninavyoutaka mshahara.

Jumanne, 11 Machi

Mkojo. Jua. Vumbi hadi masikioni.

Jumapili, 16 Machi

Nimeshinda nyumbani. Jino la mbele la Wachuka limeng'oka na kubaki ndani ya kipande cha muhogo, na karibu alimeze. Tulilirusha juu ya paa la mabati kama tulivyofanya sisi wote, akaomba jipya kwa sauti ya kuamuru. Halafu akazunguka boma zima akicheka, pengo lote likiwa wazi, akimwonyesha hadi mbuzi.

Mama bado ana hasira na ile kura.

“Hao wa Juu ni nani sasa? Mungu aliwachagua?”

“Ilikuwa bahati, Mama. Ndiyo maana ya kura.”

“Bahati! Hata viazi mimi huchagua moja moja.”

Nilimwambia Juni si mbali. Akanitazama vile hunitazama nikijifanya nimesoma. Mama ni mjane na ndiye anayeongoza kina mama wa Chini kwenye maombi ya Alhamisi. Akisema jambo Alhamisi, Ijumaa limekuwa sheria.

Alhamisi, 27 Machi

Majibu ya kwanza yamerudi kutoka maabara. Juu na Chini wako sawa kabisa, wote wabaya. Dkt. Sitati alifurahi hadi akapiga meza.

Nilimuuliza furaha ni ya nini. Akanichorea mistari miwili ubaoni. Meno huchukua miaka kuonyesha madhara, akasema, lakini mkojo unasema ulikunywa nini wiki hii. “Na hatuulizi Juu wameshuka kiasi gani, Waithera. Tunauliza wameshuka kuliko Chini kwa kiasi gani. Wakishuka wote pamoja, basi kilichowashusha ni kitu kingine. Chini ndio wanatuambia, bila chujio, mambo yangekuwaje.”

Nilielewa, na nilipenda. Ni hesabu safi. Ila mstari wa pili una mtoto wangu ndani yake, na nilipokuwa nikiutazama nilitaka kuufuta kwa kiganja.

Jumatano, 2 Aprili

Chujio limefunguliwa. Bomba la Juu lina kufuli, na ufunguo amepewa Wangare. Huyu Wangare na mama yangu waliolewa mwaka mmoja, wanaimba sauti moja kwenye kwaya, na sijui kama chumvi ya nyumbani kwetu iliwahi kununuliwa na sisi au ilikuwa yake daima. Watu walionja maji. Mzee mmoja aliuliza tuna hakika gani kwamba ile mifupa si ya punda. Kanji wa duka la mabomba, aliyetuuzia koki, alikataa kikombe kwa adabu. Kwa dini yake, maji yaliyopita kwenye mifupa ya ng'ombe hayamfai. Alisimama tu pembeni akihakikisha koki yake haivuji.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua hakuna. Mahindi ya kupanda yamekaa kwenye magunia, na kila mtu anaangalia upande wa mlima Menengai akitafuta mawingu.

Alhamisi, 10 Aprili

Nilijua itafika hapa. Kihara alipita barabarani jioni akaona mitungi ya Chini imepangwa kwenye bomba la Juu, wa mama yangu ukiwa mbele. Akasema ofisini, akidhani ni kichekesho. Daktari hakucheka. Chini wakinywa maji ya Juu, alisema, tutakuwa tunapima kundi moja mara mbili. Akanituma mimi.

Nilimkuta Wangare akichambua maharagwe.

“Unataka ninyime mtu maji,” alisema.

“Ni hadi Juni tu, tata.” Tangu utotoni namwita hivyo, shangazi.

“Waithera, mtu anaweza nyimwa unga. Anaweza nyimwa hata mtoto wako kuoa. Maji? Mimi nifungie Mama yako maji, na sisi tumezeeka pamoja?”

Nikamweleza kama nilivyoelezwa. Kwamba tofauti isipoonekana, wafadhili watasema chujio halisaidii, wataling'oa, na Chini hawatapata kitu. Kwamba kuwapa maji leo ni kuwanyima miaka yote ijayo. Alinisikiliza akiendelea kutupa mawe ya maharagwe upande. Mwisho akachukua ufunguo uliokuwa mezani na kuutia kifuani.

“Sawa. Lakini wewe ndio utamwambia. Mimi siwezi.”

Jumapili, 13 Aprili

Sikumwambia Mama mapema, basi alijionea mwenyewe jana. Alienda na mtungi, Wangare akatoka, akasimama mbele ya kufuli akilia, akamwambia arudi.

Mama alinisubiri leo hadi nimalize chai. Halafu akaanza. Alisema nimetoka Nakuru kuja kuvunja urafiki wa watu wazima. Alisema nilinyonya kwa Wangare yeye alipokuwa hospitalini, je, na hayo yameandikwa kwenye mradi? Mimi nikajibu, naye akanijibu, na sauti zikapanda hadi Wachuka akatoka nje.

Ndipo nikasema, kwa hasira, maneno haya: “Mkishuka na nyinyi, hakuna chujio! Chini ikishuka, yote yameisha! Unaelewa?”

Mama akaweka kikombe chini. Akasema polepole, “Sisi hatufai kushuka.”

“Hamfai.”

“Kwanza ungesema hivyo,” akasema, na akaanza kuosha vikombe. Nikafurahi kwamba hatimaye amenielewa.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua! Imeanza saa tisa na bado inapiga mabati. Mji mzima unanuka udongo.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua.

Jumanne, 29 Aprili

Leo nimekaa ofisini nikiitazama mvua dirishani, na ghafla nikakumbuka jambo. Maji ya mvua hayana floraidi. Kila boma kule lina mfereji wa paa na tangi, na mvua ikishaanza hakuna anayekwenda bombani. Mimi nimekulia hapo, nimekinga hayo maji kwa sufuria tangu utotoni, na sikulifikiria hata mara moja. Tulipima Machi wakiwa wanakunywa kisima. Juni tutawapima wakiwa wanakunywa mawingu. Chini watashuka tu, na Juu watashuka, na mistari miwili itateremka ikiwa imeshikana mikono.

Nilimwambia daktari. Akavua miwani. Yeye amekulia maji ya mto, si ya tangi. Alisema mwaka wa wafadhili unaisha Juni na hawezi kuusogeza. “Tuombe mvua iwe kidogo,” alisema.

Hapa Nakuru, ambapo watu wamekesha makanisani wakiomba mvua. Nilitoka nje nisije nikamjibu vibaya.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Nimeshindwa kuifurahia.

Jumapili, 18 Mei

Sijui nianze wapi. Ninaandika nikiwa bado na viatu vyenye matope.

Nilifika nyumbani mvua ikiwa imekaza. Nilikimbia kutoka barabarani nikiwa nimejifunika mfuko kichwani, na karibu na jikoni nikakanyaga kijito. Maji yalikuwa yanapita uani kwa nguvu, mekundu, yakielekea kwenye viazi. Nikainua macho kutafuta yanatoka wapi. Mfereji wa paa letu ulikuwa umefunguliwa waya na kugeuzwa, mdomo wake ukatazama shambani. Maji yote ya paa yalikuwa yanamwagika chini, na tangi limesimama pembeni likiwa na kifuniko. Nililigonga. Lilitoa sauti ya debe tupu.

Nilidhani ni upepo. Nikachukua kiti, nikapanda niurudishe. Mama akatoka jikoni.

“Wacha hiyo.”

“Mfereji umegeuka, Mama. Maji yote yanapotea!”

“Mimi ndio nimeigeuza.”

Nilimtazama. Alikuwa ametulia kabisa, amejifunika leso, mvua ikimpiga mabegani.

“Si ulisema tusishuke? Maji ya mvua inashusha. Nilimuuliza Kihara akaniambia ni kweli, haina hiyo floraidi. Basi tukakubaliana Alhamisi. Chini yote. Tunakunywa ya bomba mpaka mtupime.”

“Chini yote?”

“Yote. Hata yule mkaidi wa pale kona.”

Nilimuuliza kama Wachuka anakunywa ya bomba. Akasema Wachuka ni mtoto wa Chini kama wengine, na kiongozi hawezi kuwaambia watu jambo halafu mjukuu wake akinge maji kwa siri. Nikapiga kelele. Nilimwambia anampa mtoto sumu. Nilimwambia mimi nakesha nikifikiria meno ya huyo mtoto na yeye anayachezea. Aliniacha nimalize. Mama ana njia ya kusubiri mtu amalize ambayo inakufanya ujisikie mdogo.

“Huyu mtoto amekunywa hiyo maji tangu akuje hapa,” alisema. “Ulikuwa wapi? Sasa niambie wewe mwenye unapima. Hizi wiki chache zitamwongezea nini? Na chujio ikikuja, atakunywa safi mpaka aolewe. Niambie nakosea wapi, nitageuza mfereji saa hii.”

Nimepiga hesabu njia nzima kurudi mjini, na imetoka kama yake. Wiki chache hazimwongezei mtoto madhara ya kupimika. Miaka ya maji safi itayaokoa magego yake yanayojijenga. Na zaidi ya hayo, kile ambacho matokeo yatasema ni kweli: kiangazi kikiwepo, wenye chujio wako salama na wasio nalo hawako. Mama ameurudisha ukame kwa mkono wake, basi.

Nilishuka kwenye kiti. Mfereji nikauacha ulivyo.

Jumatatu, 19 Mei

Nilipita Chini na Kihara kwa kisingizio cha kukagua namba za milango. Mvua ilikuwa inanyesha. Mifereji yote imegeuzwa. Mahali pengine wamezibua mfereji katikati, mahali pengine wameutoa kabisa na kuulaza ukutani. Maji yanaruka toka kwenye mapaa, mazuri, meupe, yanaingia matopeni. Mama mmoja alinipungia mkono kutoka mlangoni na kukonyeza, kama mtu aliyekuandalia zawadi.

Kihara aliendesha polepole. Mwisho akasema, “Sista, hii ni noma. Mimi nilifikiri Mathe anauliza tu.”

“Usiseme kitu,” nilimwambia.

Jumapili, 25 Mei

Sikwenda nyumbani. Nilimpigia Wachuka simu nikamwambia nina kazi. Nimelala mchana kutwa.

Jumatano, 4 Juni

Tumekusanya chupa za mwisho. Mvua imepungua, inakuja jioni tu, inanyunyiza na kuondoka. Kihara alinikabidhi chupa ya nyumbani kwetu bila kunitazama. Ilikuwa bado na joto.

Jumanne, 17 Juni

Majibu yamekuja. Dkt. Sitati aliniita akiwa amesimama. Juu wameshuka sana. Chini hawajashuka hata kidogo. Kwenye mchoro mistari inaachana kama njia panda. Alicheka, meno yote nje, akanishika mabega yote mawili akasema hajawahi kuona kundi la kulinganisha safi namna hii, hata katika vitabu.

Nikacheka na mimi, mkono mdomoni. Mungu anisamehe, nilifurahi. Niliona tu bomba la Chini na chujio lake.

Ijumaa, 27 Juni

Baraza lilikuwa uwanja wa shule. Jua lilikuwa zuri. Juu walikaa upande wao na Chini upande wao. Zamani hawakukaa hivyo. Wangare alinisalimia kwa mbali. Mama alikaa mbele kabisa, na leso mpya, mikono magotini, kama mtu anayesubiri cheti.

Daktari alieleza vizuri. Alionyesha mchoro kwenye karatasi kubwa. Aliwashukuru Chini kwa uvumilivu wao, na kina mama wakatazamana na kutabasamu chini chini. Halafu akasema ana habari njema: wafadhili wameona tofauti hii wakashangaa, na wameongeza mradi miaka miwili. Watu wakapiga makofi. Vigelegele vikatoka Chini.

Mama akainua mkono.

“Daktari, asante sana. Sasa chujio yetu inakuja lini?”

Daktari alisafisha koo. Alisema mkojo umeonyesha tofauti, lakini sasa wafadhili wanataka kuiona kwenye meno yenyewe, na kwa hilo wanahitaji makundi yote mawili yabaki yalivyo kwa muda. Kundi zuri namna hii ni nadra sana, alisema. Likipewa chujio sasa, nafasi imepotea. Baada ya miaka miwili, bila shaka, Chini watapata.

Makofi hayakukatika mara moja; yalipungua mtu mmoja mmoja, kadiri kila mtu alivyoelewa. Mama alibaki amesimama.

“Kwa hivyo,” alisema, “kwa sababu tumefanya vizuri.”

“Mmefanya vizuri sana, Mama.”

“Ndio tunabaki.”

Daktari aliangalia karatasi zake. Niliona kwamba si mtu mbaya, na kwamba hilo halisaidii chochote.

Nilijikuta nimesimama. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto aliyeitwa ubaoni. Nilisema watoto wa Chini hawakunywa maji ya mvua msimu huu. Nilisema mama zao waligeuza mifereji ya mapaa yao na kuwanywesha maji ya kisima mvua ikinyesha, ili tofauti ionekane. Nilisema walifanya hivyo kwa sababu mimi nilisema wakishuka hawatapata chujio, na kwamba nilijua tangu Mei, nikanyamaza.

Juu walianza kunong'ona. Wangare aliweka mkono kichwani. Chini waliniangalia wote pamoja, na wengi wao walinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Mama alijifunga leso vizuri, akamshika Wachuka mkono, akapita mbele yangu na kwenda zake.

Kwenye gari daktari alikunja mchoro wake, kisha akasema.

“Ungeniambia Mei.”

“Na wewe, daktari, ulijua mvua imenyesha mwezi mzima na zaidi, ukaona Chini hawajashuka hata kidogo. Hukujiuliza?”

“Niliona,” alisema. “Nilidhani tumepata bahati.”

Kisha akanieleza. Juu nao wana mifereji. Walikunywa mvua pamoja na maji ya chujio, kwa hiyo sasa hakuna ajuaye kilichowashusha ni kipi. Chini hawatuambii kitu. Itabidi awaandikie wafadhili yote. Wanaweza kufunga mradi. Wanaweza kuleta chujio la pili. Wanaweza kutulia tu bila kujibu.

“Nimeharibu,” nilisema.

“Tumeharibu,” akasema. Kihara akawasha redio, akaizima.

Jumamosi, 28 Juni

Nimeamkia nyumbani. Mama alinikaribisha chai kwa mkono, bila maneno. Nilichukua kiti na koleo, nikapanda, nikaurudisha mfereji wetu na kuufunga waya mpya, mdomo wake ndani ya tangi. Nikaosha tangi. Kufikia jioni Chini yote ilikuwa inagongagonga, kila boma mtu juu ya kiti.

Tukaingia ndani kusubiri mvua.

Jumatatu, 30 Juni

Jua.

Alhamisi, 3 Julai

Jua. Kihara anasema mvua imekatika mapema mwaka huu.

Jumanne, 8 Julai

Nimepiga simu nyumbani. Wachuka alipokea. Nilimuuliza kama mvua imenyesha, akasema hapana, cucu, yaani bibi yake, amesema mvua yetu tulishaimwaga. Miaka mingine tangi la kwetu, likijaa Mei, hutufikisha hadi Agosti. Juu matangi yao yamejaa. Chini wako kwenye bomba lao, na watakuwa hapo hadi mvua nyingine. Walitoa wiki chache na wakachukuliwa miezi. Hesabu hiyo sikuwapigia, na mimi ndiye mpimaji.

Wafadhili hawajajibu. Daktari ameniambia kwamba hadi wajibu, kanuni ni zile zile na kufuli libaki.

Jumapili, 13 Julai

Jino jipya la Wachuka limechomoza. Nilimpeleka mlangoni penye mwanga, nikamwambia afungue mdomo. Lina mistari myembamba, myeupe kama chaki. Mama alimwambia Wachuka ni uji. Nikapangusa kwa kona ya kanga, na haikutoka. Najua chaki hiyo huwa rangi gani baadaye. Nilimwambia ni jino zuri sana.

Baada ya kanisa Mama alichukua mtungi. Nilidhani anakwenda bomba letu, lakini alipita njia ya barabarani, nami nikamfuata na Wachuka. Alifika ukingoni mwa lami akasimama. Hakuvuka. Alisimama tu na mtungi wake mtupu, mgongo umenyooka, watu wa Juu wakimwona. Kina mama wawili wa Chini wakaja wakasimama nyuma yake na mitungi yao, kisha mwingine.

Wangare alikuwa uani kwake, bado na nguo za kwaya. Alitutazama kwa muda. Halafu akaingiza mkono kifuani, akatoa ufunguo, akaenda bombani na kufungua kufuli mbele ya macho yangu. Kufuli akalitupa kwenye majani.

“Nyina wa Waithera,” aliita, “utasimama hapo mpaka lini? Vuka.”

Mama akavuka. Wangare akanigeukia mimi.

“Na wewe, si kazi yako ni kuandika? Kalamu si hiyo kwa nywele? Andika basi.”

Kalamu nilikuwa nayo, kweli. Huwa naisahau hapo. Niliiacha ilipo. Nilichukua mtungi wa mama, nikauweka chini ya koki ya Kanji, na nikasimama hapo nikishika mdomo wake hadi ukajaa. Mama alisema, “Usimwage,” ambalo ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu baraza. Kesho nitamwambia daktari nilichofanya. Ataamua yeye.

Wangare akamchotea Wachuka kikombe. Mtoto alikunywa yote bila kupumua, maji yakimchuruzika shingoni, na Wangare akamtania kwamba anakunywa kama ndama. Wachuka akacheka, na akiwa anacheka akainua kiganja chake kilicholowa akaziba mdomo.

Hakuna aliyemfundisha. Ameniona mimi.